Wachina Niliowasoma, na Mmoja Anayetaka Kumwoa Wakesho

Makindye, Kampala
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii imekukuta barazani kwenye kiti chako cha kamba, si jikoni, maana daktari alikukataza moshi na mimi nakujua. Jicho linasemaje? Lile la kulia bado linaona vivuli, au sasa hata vivuli vimekataa? Na magoti? Na yule mbuzi mwekundu ameshazaa, au alikuwa ameshiba tu majani ya jirani? Mimi ni mzima. Kazi ipo, chakula kipo, mvua ya huku inanyesha inapotaka. Ila kichwa changu kimevurugika, na utasikia kwa nini.

Wakesho, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole na usome kila neno, hata lile litakalokuchoma. Usiruke mstari ukidhani Mama hatajua. Mama huzipima barua zangu kwa mkono kabla hazijafunguliwa.

Mama, nilipata ujumbe wako wa sauti Jumatatu, nikiwa napanda ngazi za kazini. Nilisimama hapo hapo nikausikiliza mara mbili. Ulisema, "Mghoi, wewe ndiye unayewasoma Wachina huko. Baba yako Mkubwa ameitisha kikao Jumamosi ya wiki ijayo, na ndugu yako anataka kuolewa na mmoja wao. Tuandikie ni watu wa namna gani. Usipige simu, maneno ya simu kila mtu huyasikia anavyotaka. Andika, tusomewe sote."

Basi nimeandika. Lakini kwanza niwaeleze kazi yangu vizuri, maana naona huko nyumbani imeshakuwa kubwa kuliko ilivyo. Mimi si mtaalamu wa Wachina. Mimi ni msaidizi wa maktaba. Ofisi yetu ni nyumba ya kawaida hapa Makindye, ina vyumba vinne na paa linalovuja upande wa choo, na watafiti huja kusoma na kuandika. Mwezi uliopita tuliletewa masanduku ya vitabu na majarida, yote ya sayansi ya jamii, yote kuhusu maisha ya Wachina wa siku hizi. Kazi yangu ni kufungua sanduku, kusoma muhtasari wa kila kitabu na kila makala, kuandika kadi, kisha kupanga kwenye rafu: ndoa, wazee, vijiji, miji, kazi, dini, na kadhalika. Ndiyo hivyo nilivyokuwa "msomi wa Wachina".

Uliponituma, nilidhani itakuwa rahisi. Nikajiambia, majibu yote yako humu ndani, nitayachota kama maji ya mtungi.

Siku ya kwanza nilianza na rafu ya wazee, kwa kuwa nilijua ndilo utakaloniuliza. Makala ya kwanza niliyoishika ilisema kwamba kwao mtoto wa kiume ndiye mwenye jukumu la kumtunza mama yake, na binti akiolewa huhesabiwa wa upande wa pili. Nikasema ahaa, kumbe Wakesho atakwenda kuwa mtunzaji wa mama mwingine. Nikaandika kadi. Makala ya pili ilisema kwamba siku hizi, katika vijiji vingine, mabinti ndio wanaowatunza wazazi wao, na kuna wazee wanaosema wazi kuwa heri mtoto wa kike. Nikaandika kadi. Ya tatu ilihusu wazee wanaobaki peke yao kijijini baada ya watoto wote kwenda mijini. Ya nne ilihusu kina bibi waliofuata watoto wao mijini ili kulea wajukuu, wakakaa ghorofani hawaelewi hata lafudhi ya jirani. Kisha nikakuta moja ya kina bibi wanaokutana uwanjani kila jioni kucheza dansi kwa spika kubwa, hadi majirani wanagombana nao kwa sababu ya kelele. Mama, nilicheka peke yangu. Nilikuona wewe na kina mama wa kwaya pale kituoni.

Sasa niambie, nichukue bibi yupi nikuletee? Anayelia ghorofani, au anayecheza uwanjani?

Rafu ya ndoa ilinichanganya zaidi. Kuna vijiji ambako wanaume wanazeeka bila kuoa kwa sababu wanadaiwa mahari na nyumba kabla ya kupewa mke. Kuna miji ambako wasichana waliosoma hawataki kuolewa kabisa, na mama zao wanalala hawapati usingizi. Kuna wanaopendana vyuoni, kuna wanaotafutiwa na wazazi, kuna wanaojuana kwenye simu. Kuna wanaoachana upesi. Rafu ya dini nayo ina makanisa, ina misikiti, ina mahekalu, na ina watu wanaofagia makaburi ya wazee wao kila mwaka na kuwapelekea chakula. Hapo nilimkumbuka Bibi alivyokuwa akituonyesha mapango yenye mafuvu ya wazee wetu kule mlimani na kutukataza kunyoosha kidole. Rafu ya kazi imejaa watu walioacha watoto kwa nyanya zao wakaenda viwandani mbali, wanarudi mara moja kwa mwaka na zawadi ambazo haziwatoshi watoto tena, kwa sababu watoto wamekua. Hiyo niliisoma nimesimama. Nilipomaliza sikuandika kadi yake siku hiyo. Nilikwenda kunywa maji.

Kufikia Jumanne jioni nilikuwa sijui hata mahali pa kuanzia sentensi moja. Nikaamua kumuuliza mtu aliyeishi nao.

Getini kwetu kuna askari mlinzi anaitwa Okello, mtu mzima, Mwacholi wa kaskazini. Baba yake alikuwa mwanajeshi, naye alizaliwa kambini, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha jeshi. Kabla ya kuja kwetu alilinda kiwanda cha mabati cha Mchina kule Bugolobi. Nikamwambia, "Mzee Okello, ndugu yangu anataka kuolewa na Mchina. Niambie ukweli, ni watu wa namna gani?"

Akatoa kofia, akajikuna. "Mimi nalinda yeye myaka mitatu," akasema. "Ile mutu hapana ongea. Asubuhi hapana ongea, jioni hapana ongea. Iko na hesabu yake, iko na sigara yake, basi. Mimi nasema, huyu hapana jua hata jina yangu."

"Kwa hiyo ni mtu mbaya?"

"Ngoja. Mama yangu amekufa. Mimi naenda Gulu kuzika. Siku ya pili naona gari. Ni yeye! Peke yake, anauliza njia tu mpaka amefika. Anakaa chini kwa mukeka pamoja na wazee, kutoka asubuhi mpaka jioni. Hapana ongea. Halafu anasimama, anashika mukono yangu hivi, anarudi Kampala."

"Kwa hiyo ni mtu mwema?"

Okello akarudisha kofia kichwani. "Mwezi iliyofuata amenifukuza kazi," akasema. "Anasema mimi nalala kwa geti."

"Ulikuwa unalala?"

"Kidogo."

Tulitazamana, Mama, tukaanza kucheka wote wawili, lakini mimi nilikuwa nacheka kwa kukosa la kufanya. Nilimuuliza mwishoni, "Sasa mimi niandike nini nyumbani?" Akanijibu, "Hata mimi sijui. Ile mutu mimi nafikiri yeye mpaka leo."

Sasa nakuja kwenye jambo lenye aibu, na Wakesho, hapa ndipo ninapokuomba usiruke.

Kuanzia Jumatano nilibadilika. Niliacha kusoma ili nijue, nikaanza kusoma ili nipate. Kila nilipokuta makala yenye habari ya kuumiza, ya mke wa kutoka mbali aliyeteswa na upweke, ya mama mkwe anayetawala nyumba, ya mtoto anayevutwa huku na huku, niliiandikia kadi nzuri kwa mwandiko wangu bora. Na kadi hiyo sikuiweka kwenye rafu. Niliitia kwenye mkoba wangu. Zile habari njema, za wanaopika pamoja na kucheka, za waume wanaobeba watoto mgongoni, niliziandikia haraka haraka na kuzipeleka rafuni. Sikujiambia ninachofanya. Mkono ulikuwa unafanya wenyewe.

Alhamisi mkuu wetu alikuja kukagua. Anaitwa Dokta Nansubuga, Mganda, mama mwenye umri wako kasoro kidogo, ameandika mengi kuhusu familia za hapa Uganda. Kiswahili amejifunza ukubwani kwa ajili yangu na wageni kutoka Kongo, na mara nyingine l bado humgeukia r. Akapitisha kidole juu ya kadi za ndoa, akasimama.

"Mghoi, kadi zingine ziko wapi? Vitabu naona vingi, kadi kidogo."

Nikasema nitazimalizia.

"Hapana, wewe umemaliza. Mimi nimeona unaandika." Akaangalia mkoba wangu, ambao haukufungika vizuri. Hakunikaripia. Alivuta kiti tu, akakaa.

Nikazitoa. Nilizipanga mezani moja moja, na kila niliyoiweka ilinitia aibu. Dokta akavaa miwani, akazisoma zote. Kisha akaniuliza ni za nini, nami nikamweleza yote, ujumbe wako, kikao, Wakesho, na huyo Lin, Mchina mpima barabara anayetaka kumwoa.

"Kweri hii si utafiti," akasema. "Hii ni kesi. Wewe umekusanya ushahidi. Sasa nani ameshitakiwa?"

Nikazikusanya kadi, zikawa rundo moja.

"Huyo kijana umeongea naye?"

"Hapana."

"Umesoma sanduku kumi na mbili, na kijana yuko na simu?" Akacheka, lakini kwa upole, akavua miwani. "Mimi niko na akiri ya kusoma familia za watu, Mghoi. Ya kwangu ilinishinda. Nenda piga simu."

Mama, ulinikataza simu kwa ajili ya kikao, hukunikataza kwa ajili ya kuuliza. Ijumaa mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilisimama nyuma ya ofisi karibu na tangi la maji nikampigia Lin. Namba alishanipa Wakesho zamani, mimi tu sikuwahi kuitumia.

Akapokea huku mitambo inanguruma. "Dada Mghoi? Ngoja, nasogea." Nikasikia akitembea, mpaka kelele ikabaki nyuma. "Shikamoo, Dada." Mama, anasema shikamoo! Sijui kama ni Wakesho aliyemfundisha au ni vibarua wake wa Mwatate.

Nikamuuliza kama mjinga, "Lin, Wachina ni watu wa namna gani?"

"Dada, mimi sijui Wachina," akasema. "Mimi najua kijiji yetu. Hata kijiji ya jirani, wanaongea tofauti kidogo, sisi tunawacheka."

Nikamuuliza kuhusu kwao. Baba yake alifariki yeye akiwa chuoni. Mama yake yupo peke yake kijijini, analima mboga, magoti yanamsumbua kama yako, na anakataa kwenda kukaa mjini kwa shangazi. Lin ni mtoto wa pekee. Nikamuuliza kama mama yake anajua habari za Wakesho.

"Anajua. Nimemwambia mara tatu."

"Anasemaje?"

"Mara tatu amesema hapana."

Mama, ndiyo hivyo. Hilo halikuwa kwenye rafu yoyote. Mama yake hajakubali. Nikamuuliza kama Wakesho anajua, akasema anajua, na kwamba walikubaliana wasikuambie mpaka jicho lako litibiwe, wasikuongezee mzigo. Wakesho, kama sauti yako imekwama hapa, kunywa maji kisha uendelee. Sikuandika ili nikuaibishe. Nimeandika kwa sababu Mama ameketi kwenye kiti akingoja kumtoa binti yake kwa watu ambao hawajasema ndiyo, na si haki yeye awe wa mwisho kujua.

Nikamuuliza Lin mama yake anakataa kwa nini. "Anasema, ukioa huko, mimi nikiugua nani atafungua mlango?" Kisha akasema mama yake amemtuma binti ya shangazi yake, ambaye ni mwalimu mjini, amsomee habari za Waafrika na kumweleza ni watu wa namna gani. "Huyo dada anasoma kila siku," akasema. "Amechanganyikiwa kabisa."

Nilikaa juu ya jiwe, Mama.

Naye ndiye aliyeniuliza mimi. "Dada, wewe umesoma vitabu vingi sana. Mama kama huyo wangu, mwisho wake hufanya nini?"

Nikasema, "Wengine hukubali. Wengine hawakubali."

"Hiyo hata mimi najua," akasema, na hakucheka.

Nikamuuliza wataishi wapi, mkataba wa barabara ukiisha mwakani. Akasema hawajui. Akisema wabaki Kenya, anamwona mama yake mlangoni. Akisema waende kwao, Wakesho analia kwa ajili yako. Ndiyo maana hawajasema lolote kwa yeyote. Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye hila, Mama. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. Lakini hata hilo silijui kwa hakika. Nimemsikia kwa muda wa chai moja tu.

Baada ya simu ile nilibaki pale nje mpaka Okello akaja kuuliza kama ninaumwa. Swali la Dokta lilikuwa halijanitoka. Nani ameshitakiwa? Nikajibu mwenyewe, na ninakuandikia jibu hilo ingawa ninaogopa.

Kwa miaka yote hii nimeweza kukaa Kampala kwa sababu Wakesho yuko nyumbani. Yeye ndiye anayekupeleka kliniki, ndiye anayechota maji, ndiye anayesoma barua hii. Mimi natuma salamu na sukari. Akiolewa na mtu wa Mwatate au Voi, bado yuko karibu. Akienda mbali, wa kurudi ni mimi, mkubwa, nisiye na mume wala mtoto wa kunizuia. Na mimi sitaki, Mama. Nimelitamka. Napenda chumba changu cha hapa, napenda kazi yangu ya kadi, napenda kanisa letu la Wakenya kule Kabalagala ambako mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo. Kwa hiyo nilitaka Wachina wawe watu wabaya. Nilitaka vitabu vikatae kwa niaba yangu, Baba Mkubwa asome, aseme hapana, na mimi nisionekane.

Nisamehe, Mama. Wakesho, nisamehe na wewe, na ulisome ombi hilo kwa sauti ile ile uliyosomea mengine.

Kadi zote nimezirudisha kwenye rafu zake Ijumaa hiyo hiyo. Jana nilimwomba Dokta ruhusa, akanipa wiki mbili. Nitapanda basi Jumatano, nikijaliwa niwe mlangoni kwako Alhamisi jioni. Barua hii inatangulia kesho na mzigo wa basi mpaka Voi, kwa sababu najijua, nikikaa mbele yako nitazungumza habari za mvua. Katika wiki hizo mbili tutakwenda wote kulishughulikia jicho. Baada ya hapo sijui. Sitaahidi kwamba nitarudi nyumbani moja kwa moja, na sitaahidi kwamba sitarudi. Ukiniuliza leo, nitasema jambo moja asubuhi na lingine mchana.

Kwa Baba Mkubwa na kikao, Wakesho akate kipande hiki cha chini akipeleke: "Wazee wetu, mlinituma niwajue Wachina. Nimewasoma wengi na siwezi kuwaambia ni watu wa namna gani. Anayetaka kumwoa binti yetu ni mtu mmoja, anaitwa Lin, ana mama mmoja, na mama huyo bado hajaridhia. Naomba kikao kimngoje, kama ambavyo sisi tungetaka kungojwa. Mwiteni kijana mumuulize yeye mwenyewe, na maswali magumu msiyafiche."

Mama, hapa naomba umwambie Wakesho aiweke barua chini. Mwache anyamaze kwanza, kisha umuulize anataka nini, si kwa ajili yako wala kwa ajili yangu. Muulize bila mimi kuwa hapo. Yaliyobaki chini ni salamu tu, hata mkizisoma kesho zitakuwa bado na joto.

Nisalimie Baba Mkubwa kwa heshima zote, na umwambie asikasirike kwa kuletewa karatasi fupi. Nisalimie Shangazi Mkamburi, dada yake marehemu Baba, na pole kwa mguu. Nisalimie mchungaji na mkewe. Nisalimie mama jirani, mwenye yale majani aliyokula mbuzi, umwambie ugomvi huo nitausuluhisha mwenyewe nikija. Na Lin akipita hapo, mpeni chai, mumwambie namshukuru kwa kusogea mbali na mitambo ili anisikie.

Na kama siku moja salamu zitaweza kufika mpaka kijijini kwao, apewe mama yake. Aambiwe kuna mtu Kampala aliyesoma juu ya kina mama wengi wa huko, wanaolia na wanaocheza dansi, na hakumkuta yeye humo hata mara moja, na angependa kujua magoti yake yanaendeleaje.

Ni mimi, mwanao mkubwa, ambaye kichwa bado hakijatulia,

Mghoi